Treni ya Mongbwalu

Mvua ilianza alfajiri. Kufikia saa nne, mwembe wa shule moja ya Mongbwalu, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umepata wageni: Pikipiki, aliyerukiwa na tope jekundu mpaka kwenye taa, na Bidoni wa manjano aliyefungwa nyuma kwa mpira, mdomo umezibwa kwa nailoni chini ya kifuniko. Mwenyeji wao, Kipande cha Reli, amening'inia kwa waya tangu mgodi ulipomtupa. Mlinzi humgonga kwa bolti kuwaita wanafunzi, na likizo kubwa ilikuwa inakwisha.

"Salamu, Mzee," akasema Bidoni. "Safari imetumaliza."

"Hamjui safari nyinyi," akajibu Reli. "Zamani ulipanda meli pale Kasenyi, Robert Coryndon yenyewe, ukavuka Ziwa Albert hadi Butiaba. Gari mpaka Masindi Port, meli nyingine katika Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na hapo treni ya Jinja inakungoja. Chai mezani!"

"Wewe uliinywa?"

"Mimi reli, mwanangu. Sisi hupandwa."

"Na mchimbaji wa migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, alikaa kiti cha ngapi?"

Reli akakohoa kutu. "Mchimbaji alitembea."

Pikipiki akataka kujua meli iko wapi siku hizi. Mzee akakiri kwa shingo upande: mvua za 1961 na 1962 zilijaza maziwa, Coryndon ikazama Butiaba, na Namasagali ikaingiwa na maji.

"Kumbe hata wenye chai mvua iliwashinda!" Pikipiki alifurahi kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa amelala matopeni usiku mzima, nyuma ya lori lililokwama.

"Upande wa pili tulikuwa na treni ya Vicicongo," Reli akaendelea, maana wazee hawanyamazi wakishindwa. "Kutoka Aketi, kwenye mto Itimbiri, kupitia Isiro. Mwaka 1937 ikafika Mungbere, ikasimama."

"Ikingoja abiria?"

"Ilifuata pamba. Pamba ikishapakiwa, abiria wa nini?"

Bidoni akasema hilo halijabadilika. Yeye alivuka ziwa kwa mtumbwi wa injini hadi Tchomia, na pale ufukweni mabidoni yalihesabiwa mara mbili. Abiria hawakuhesabiwa. "Bidoni likipotea, mwenyewe anadai. Sisi tuna mwenyewe."

Pikipiki naye akataja mzigo wake wa kutoka Bunia, njia ya kilomita themanini hivi: dereva, wanafunzi watatu, sanduku la bati, godoro ndani ya plastiki, na Bidoni. Kila penye kamba barabarani walishuka, wakalipa, wakapanda tena.

"Na dhahabu?" akauliza Reli. "Hiyo nayo inakwama?"

Swali zuri kwa chuma cha mgodini. Mwaka 2005 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu Mongbwalu, ikikadiria kwamba dhahabu ya Kongo yenye thamani ya dola milioni 60 hivi ilisafirishwa nje kupitia Uganda mwaka 2003. Haikungoja meli wala treni.

"Inakwamaje, Mzee?" Pikipiki akacheka mpaka matope yakamdondoka. "Juma lililopita niliibeba, ndani ya soksi ya abiria. Kwenye kamba walimsimamisha, wakampekua, wakamtoza."

"Kwa dhahabu?"

"Kwa godoro."