Kipete, Bwana wa Mlingoti

Mlio wake ni mdogo: ting, mara moja juu ya lami, kisha kimya. Mtu mzima, mwenye mke, kazi na deni la nyumba, akiusikia hupiga magoti palepale na kuanza kupapasa changarawe kwa viganja. Sijui mfalme aliyebaki duniani anayepigiwa magoti kwa wepesi wa namna hiyo. Kwa hiyo sifa ambazo wengine huwamwagia manahodha na matanga, mimi leo nazipeleka kwa kipete.

Nikieleze kwa wasiokijua. Ni waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, umeviringwa karibu mara mbili kama ringi ya kutilia funguo, na upana wake unatoshana na ukucha wa kidole gumba. Kazi yake ni kupita kwenye tundu lililo nchani mwa pini, ili pini isichomoke. Pini inashika waya, waya unashika mlingoti, mlingoti unashika tanga. Kipete chenyewe hakishiki kitu. Nguvu yote ya upepo inaishia kwenye pini, ndiyo inayokatwa ubavu usiku na mchana, na kipete kimekaa pembeni kinatazama. Kinanikumbusha askari wa getini: hana faili, hana muhuri, mshahara wake haununui hata tairi moja la gari la mkurugenzi, lakini asipofika kazini usiku mmoja, asubuhi mkurugenzi hana kiti.

Chombo changu ni Catalina 22, mashua ya tanga ya kuvutwa kwa trela. Frank Butler alianza kuziunda California mwaka 1969, na zimeshatoka zaidi ya 15,000. Hesabu ya vipete vyake namwachia mwenye subira. Wazo la Butler lilikuwa zuri. Mtu si lazima akae ufukweni, wala alipie gati mwaka mzima. Mashua inalala uani, Jumamosi unaifunga nyuma ya gari, unaivuta hadi majini, unasimamisha mlingoti, unaishua. Mimi naishi Texas, na maji yangu ni Lewisville, kaskazini ya Dallas, ambako watu wanasema ziwa ingawa ni bwawa. Aliyeniuzia aliapa kwamba kusimamisha mlingoti ni dakika ishirini. Hakusema baada ya nini.

Mlingoti wenyewe una futi 25 hivi. Barabarani hauwezi kupita umesimama, hivyo unalazwa juu ya mashua na kufungwa kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya mkoa. Unashikwa na nyaya nane: moja ya omo, moja ya tezi, na tatu kila ubavu. Nyingi zinaweza kubaki zimefungwa safari nzima, lakini waya wa omo lazima ufunguliwe, zile mbili fupi za mbele pia, na pini ya bawaba mguuni mwa mlingoti. Kwa uchache ni vipete vinne kuvitia asubuhi na vinne hivyohivyo kuvitoa jioni, ukiwa umechoka, mikono imelowa na giza linaingia. Kukifungua kunataka ukucha. Ukucha wangu wa dole gumba la kulia haujapata kurefuka tangu mwaka juzi.

Sasa nihesabu fadhila zake, ingawa haziishi.

Kipete kinadumisha mazungumzo ndani ya nyumba. Mimi na mke wangu siku za kazi tunaonana kama treni za njia moja, mmoja akifika mwingine anaondoka. Jumamosi yeye husimama omoni ameshikilia waya kwa mikono miwili, mlingoti mzima ukiwa juu ya imani yake, na mimi nimeinama miguuni pake na kipete kati ya meno.

"Bwana wee, kimeingia?"

"Bado."

"Mikono yangu inakufa ganzi."

"Kidogo tu."

"Hiyo kidogo ulisema saa tatu."

Washauri wa ndoa hutoza pesa nyingi wakatoa maneno machache kuliko haya. Na kwa kuwa hawezi kuachia waya, hawezi kuondoka.

Tena kipete kinafundisha unyenyekevu mbele ya sayansi. Kilipoanguka mara ya kwanza nilicheka, nikaenda kuleta sumaku. Sikujua kwamba chuma cha aina hii kwa kawaida sumaku haikijali, au ikikijali ni kwa kukinusa tu. Nilirudi na misumari saba na vifuniko vya bia. Kipete kilikuwa kwenye mkunjo wa suruali yangu.

Fadhila nyingine siitaji kwa mzaha. Ukisimamisha mlingoti wa alumini wenye futi 25, unakuwa umeshika fimbo ndefu inayopitisha umeme, na sehemu nyingi za kushulia mashua zina nyaya za umeme juu yake au barabarani kuelekea majini. Watu wamekufa hivyo. Hobie 16, ile mashua ya pacha ya California, katika miaka ya 1980 ilitiwa ncha ya mlingoti ya faiba isiyopitisha umeme, kwa sababu hiyohiyo. Mwenye haraka hutazama pini. Mimi, kwa sababu ya kipete, hulala chali chini ya trela mara mbili tatu kila Jumamosi, na mtu aliyelala chali hana pengine pa kutazama isipokuwa juu.

Siwezi kuficha kwamba kipete nacho kina ujeuri wake. Kamba ya tanga la mbele ikipigwapiga na upepo huweza kukinasa, ikakivuta, kikajizungusha na kutoka tunduni bila kuaga. Ndiyo maana mabaharia hukizungushia utepe baada ya kukitia. Maadui zake wanaiita kasoro. Mimi naona ni heshima tu, kwani kitu cha maana hakiachwi wazi. Mkufu hauvaliwi bila nguo.

Na maadui kinao, tena wengi. Ni watu wasiopenda kungoja, wanaoamini kwamba mashua ilinunuliwa ili iende majini. Wao wamebuni pini ya kitufe: unabonyeza kichwani, vigololi viwili vinazama ndani, pini inaingia, ukiachia, vigololi vinatokeza na pini haitoki. Imefungwa kwa uzi mfupi kama mbuzi, kwa hiyo hata kuanguka haianguki. Jamani, furaha iko wapi? Kwenye waya wa omo wanaweka ndoano yenye umbo la mdomo wa mwari, inayofungwa kwa kukunja wenzo mmoja. Kipete kinaitazama kama fundi cherehani anavyotazama duka la mitumba.

Hawaishii hapo. Wameona kwamba mlingoti ukiwa umelala, kamba inayovutwa kutoka omoni haiuinui. Inausukuma tu kwenye bawaba yake, maana kamba na mlingoti viko karibu kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo wanasimamisha nguzo fupi mguuni mwa mlingoti, kamba inapita juu ya nguzo, inapata pembe, na mlingoti unapanda kwa kapi chache au kwa winchi ileile ya trela. Wameona pia kwamba mlingoti ukiwa nusu njia nyaya za ubavuni hulegea, nao ukaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake. Hapo wanaongeza nyaya mbili fupi, ncha zake za chini zikiwa usawa mmoja na msumari wa bawaba, ili zisilegee hata mlingoti ukiwa pembe gani. Mwingine hana hata nguzo: huchukua henza, ile kamba ya kupandishia tanga la mbele, anaifunga omoni kwa muda, na henza inashika mlingoti wakati yeye anatia pini kwa raha zake. Mtu mmoja! Anasimamisha mlingoti peke yake, kama mchawi, bila mke, bila jirani, bila yule mvuvi mwenye kofia pana anayengoja zamu yake na ambaye, baada ya robo saa, hushuka garini akasema, nikusaidie?

Nimepata marafiki watatu kwa njia hiyo. Mmoja alinifundisha kwamba ustaarabu ni kufunga kila kitu kwenye maegesho na si kwenye mteremko wa kushulia, ambako wenye boti za kuvulia wanashua kwa dakika tatu na kungoja kwao ni kwa hesabu. Alinieleza kwa upole. Waliokuwa nyuma yake walinieleza kwa honi.

Uovu huu wa haraka si wa leo. Katika mito ya Norfolk, mashariki ya Uingereza, zilikuwapo mashua za mizigo zinazoitwa wherry, zenye tanga moja kubwa na mlingoti uliosimama kwenye bawaba. Mguuni mwa mlingoti palikuwa na risasi nzito ya kusawazisha, na mbele waya mmoja wa omo. Nyaya za ubavuni hazikuwapo kabisa. Mtu na kijana wake waliweza kulaza mlingoti chombo kikiwa mwendoni, wakapita chini ya daraja la Potter Heigham, daraja la mawe la zama za kati ambalo tao lake ni dogo hata mtu hujiona anaingia tundu la panya, na upande wa pili mlingoti ukasimama tena. Ipo moja, Albion, iliundwa mwaka 1898 na bado inatweka tanga. Ninapoifikiria naona haya kwa niaba yao. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Hawakuliona la kwangu, ambalo hata majini linachelewa kwenda.

Aliyenitia wasiwasi kuhusu haya yote ni ami yangu. Alikuwa nahodha wa jahazi, kati ya Tanga na Pemba, na sasa anakaa barazani akihukumu vyombo vya wengine. Mlingoti wa jahazi haulazwi kila jioni. Kinachopanda na kushuka ni foromali na tanga lake, kwa henza, na kamba za kushikia mlingoti huhamishiwa upande wa joshi chombo kinapogeuka. Ukizitaka unazifungua, ukizitaka unazifunga. Nilimpigia kwa video nikiwa chini ya trela.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Mbona uko uvunguni?"

"Natafuta kipete."

"Pete ya ndoa?"

"Ya mlingoti, ami."

Alinyamaza kidogo. "Mlingoti nao umeuvisha pete."

Nilimwonyesha kingine, nikakisogeza karibu na kamera. Alivaa miwani.

"Hiyo ni hereni," alisema. "Ikipotea unafanyaje?"

"Nakwenda dukani."

"Mbali?"

"Nusu saa kwa gari. Kwenda."

"Mimi kamba ikikatika naifunga." Akageuka, akamwambia mtu nisiyemwona, "Mashua yake inashikwa na hereni." Kicheko kilichofuata hakikuwa cha mtu mmoja. Baraza nzima ilikuwapo.

Nilijaribu kumtetea mtukufu wangu. Nilimweleza habari za pini na mkato wa ubavu, kwamba kipete hakibebi uzito na ukuu wake ndio huo. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza wagombea wakati wa kampeni, kisha akauliza kama upepo wa Texas huwa unaningoja. Nikasema la. Saa hiyo ulikuwa umeshakata. Mke wangu alikuwa bado ameshika waya.

Mwezi uliofuata mke wangu aliniletea zawadi ya siku ya kuzaliwa: pini nne za vitufe, kila moja na uzi wake. Nilimshukuru, nikazitia kwenye droo. Alizitoa kwenye droo, akazitia kwenye mashua. Jumamosi ile tulikuwa majini saa mbili na nusu asubuhi, mlingoti umesimama wima, hakuna aliyepiga magoti, hakuna mvuvi aliyetusemesha. Upepo ulikuja saa tano. Tulikaa saa mbili na nusu tukitazamana, tukigundua kwamba hatukuwa na la kugombania.

Vipete vyangu nimevihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Jumapili moja ami alipiga mwenyewe, jambo analolifanya mara chache kwa sababu ya bando.

"Zile hereni bado unazo?"

"Ninazo, ami."

"Nitumie. Ringi ya funguo za duka imekatika, na za hapa mjini hazidumu hata mwezi."

Nilimpa mtu aliyekuwa anarudi Tanga, vipete kumi ndani ya bahasha. Ami alinijulisha kwamba vimefika tisa.