Sifa za Sponji Chafu

Samaki wa dhahabu amesifiwa na kila mgeni aliyewahi kukaa kwenye kochi letu. Taa imesifiwa, changarawe za rangi zimesifiwa, hata jahazi la plastiki lililozama kule chini limepigwa picha. Sponji ya chujio, iliyobanwa pembeni na kutoa mapovu usiku na mchana, haijapata hata salamu. Ina rangi ya tope, inateleza, na ukiitoa nje watu wanashika pua. Leo naisemea mimi.

Wasioitakia mema watasema ni uchafu mtupu. Naam, na ukuu wake uko hapohapo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Kwenye tangi la lita 40 hakuna mto wa kuichukua. Kinachoila ni ule utelezi wa kahawia: bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha jamii ya Nitrospira huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapopunguza maji na kuongeza mapya. Mwaka 2015 wanasayansi walitangaza kuwa wamo Nitrospira wanaozimaliza hatua zote mbili wenyewe. Nionyeshe ofisi ambayo mtu mmoja anafanya kazi ya madawati mawili na hadai posho.

Hana haraka, mheshimiwa utelezi huyu. Kwenye tangi jipya huchukua wiki kadhaa kujijenga, mara nyingi 4 hadi 6, na wakati huo maji yanang'aa kuliko yatakavyong'aa tena. Mwenye tangi anafurahi, samaki wanatweta juu juu. Amonia haina rangi, ndiyo maana naogopa tangi safi sana.

Wala hachagui makao. Mpe jiwe jeusi lenye vitundu, lile la kusugulia visigino, atakaa. Lisukume ndani ya chujio la dukani, pale palipokuwa na kile kichungi ambacho maelekezo ya boksi yanataka ukitupe kila mwezi. Yaani wapangaji wakishazoea nyumba, wafukuzwe wote! Na kama una gapi wanaozaa, mdomo wa chujio utameza vitoto. Uvishe sponji au soksi ya nailoni. Usikate chandarua chenye dawa kwa kazi hiyo, maana dawa ile ya mbu ni sumu kali kwa samaki.

Umeme ukikatika ndipo utamjua zaidi. Chujio la kopo lililofungwa huishiwa hewa, bakteria wakafa humo ndani, na umeme ukirudi linatapikia tangi uozo. Sponji iliyo wazi majini hupata angalau hewa kidogo iliyobaki.

Adui yake mkubwa ni mtu msafi. Shangazi akija kutusalimia, jicho lake linatua palepale: "Jamani, hiki nacho mnakiacha hivi?" Kabla hujajibu, sponji iko chini ya koki, sabuni ya unga inatafutwa. Klorini ya maji ya bomba peke yake inaweza kuua wengi wa taifa hili; sabuni ni kuzika tu. Heshima anayostahili ni hii: chota maji ya tangi kwenye ndoo, iminye humo mara mbili tatu, maji yatoke kama chai ya maziwa, uirudishe ikiwa bado ya kahawia. Ukitaka mpaka iwe nyeupe, kanunue samaki wa plastiki.

Maji ya ndoo yapelekee mchicha. Utayapenda majani yake.

Na jirani akinunua tangi, usimpe samaki. Mkatie nusu ya sponji yako kuukuu, ifunge mbichi kwenye mfuko, umpelekee siku hiyohiyo. Ataipokea kwa vidole viwili, akishukuru huku anaangalia pembeni.