Shangazi wa Antena

Mfuko wa barua wa mwezi huu umemshangaza Shangazi. Safu yake ni ya wapenzi walionuniana na mawifi wasiokubali kushindwa, lakini bahasha karibu zote zimeleta kilio kimoja: redio ya gari inakwaruza. Shangazi, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi redio na alimwachia mita nzuri kuliko alivyomwachia pesa, amekubali kujibu.

Wa kwanza ni msomaji wa Dar es Salaam aliyejitia sahihi ya "Mume Aliyechoka". Alinunua gari lililotumika kutoka Japani. Linamletea Clouds FM kwenye 88.5 na Radio One kwenye 89.5, kisha namba zinagonga 90 na kurudi 76. Amebadili antena mara mbili bila nafuu, na mkewe ameanza kusema kwamba kumbe hata magari yanajua kumkataa mtu.

Shangazi anamtaka aiache antena ya watu ipumzike, maana haina kosa. Redio ile ilitengenezewa masafa ya kwao. Kwa miaka mingi Japani ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa ajili ya FM, kwa kuwa kuanzia 90 hadi 108 palikaliwa na chaneli tatu za mwanzo za televisheni. Televisheni ya analojia ilizimwa karibu nchi nzima mwaka 2011, na mwishoni mwa 2014 stesheni za redio zikaanza kupanda hadi 95, ndiyo sababu redio za magari ya karibuni hufika huko. Afrika Mashariki hutumia 87.5 hadi 108. Stesheni nyingi anazozitafuta Mume Aliyechoka zinapita juu ya kichwa cha redio yake.

Tiba ya bei nafuu ni ekspanda, kikopo kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio, kikapewa volti 12, nacho kikashusha masafa. Cha kushusha megahezi 14 huifanya Capital FM ya Nairobi, iliyoko 98.4, ionekane kwenye 84.4. Radio Citizen ya 106.7 itaangukia 92.7, mahali ambapo redio inayoishia 90 haifiki, hata ikibembelezwa. Tena ekspanda hafifu hula nguvu ya mawimbi, au huungua kimya kimya, na lawama zote zikarudi kwa antena. Msimamo wa Shangazi ni huu: mwenye stesheni zake mbili tatu za kila siku anunue ekspanda, mwenye tamaa ya zote abadili redio.

Ila kubadili redio nako kuna mambo yake, na barua ya "Nimeonewa", wa Nakuru, ni ushahidi. Ameweka redio mpya ya kioo kikubwa. Simu inaungana nayo, ramani zinaonekana, muziki unapiga, lakini FM inafifia hata katikati ya mji. Fundi aliyeifunga anasema antena imekufa na anataka pesa ya nyingine.

"Mwanangu," anajibu Shangazi, "kabla hujatoa hata shilingi, muulize huyo fundi waya wa bluu ameupeleka wapi."

Wimbi la megahezi 98 lina urefu wa mita 3 hivi, na antena nyoofu hupokea vizuri ikiwa robo ya urefu huo, yaani karibu sentimita 76. Ndiyo maana magari ya zamani yalibeba fimbo ndefu. Vijiti vifupi vya siku hizi, na yale mapezi ya papa juu ya paa, havifiki hata nusu yake. Mtengenezaji hufidia ufupi huo kwa waya uliosokotwa na, katika magari mengi, amplifaya ndogo iliyofichwa kwenye shina. Amplifaya hiyo haifanyi kazi bila umeme. Katika baadhi ya magari volti 12 hutoka kwenye redio kwa waya wa pembeni, ambao kwenye redio nyingi za dukani huwa wa bluu. Katika mengine, hasa ya Ulaya kama Volkswagen, umeme hupanda ndani ya waya uleule unaoshusha mawimbi.

Sasa fundi mwenye haraka akifunga redio mpya, huukuta waya wa bluu hauna mwenzake, akauviringia utepe na kuusukuma nyuma ya dashibodi. Antena ni nzima, imenyimwa chakula tu. Nimeonewa awashe redio, aiweke kwenye FM, apime waya huo kwa mita dhidi ya bodi ya gari: akipata volti 12, uunganishwe na waya wa amplifaya ya antena. Mwenye Volkswagen atahitaji adapta inayoingiza umeme kwenye waya wa antena. Bei yake haikaribii ya antena mpya, na pengine ndiyo sababu hakutajiwa.

Kutoka Tanga, "Mke wa Baharia" anasema redio yake husema na kunyamaza kila gari linapopita kwenye shimo. Hapo Shangazi ananusa chumvi ya bahari. Lakini kabla ya kupanda juu ya paa, yeye humpima kwanza mshitakiwa mkuu. Huchomoa plagi ya antena nyuma ya redio na kuingiza katikati ya tundu kipande cha waya wa kawaida, cha sentimita 75 hivi. Stesheni zikija, redio imeachiwa huru.

Kisha huja zamu ya mita, gari likiwa na fimbo ya kawaida isiyo na amplifaya. Kutoka ncha ya fimbo hadi ncha ya plagi, mita isome karibu sifuri. Kutoka ncha ya plagi hadi ganda lake isisome kitu. Ikisoma, basi maji yameingia au waya umepondeka. Kutoka ganda hadi bodi ya gari, karibu sifuri tena. Kipimo hiki cha tatu wengi hukiruka, na pwani ndicho chenye jibu: kutu hula chini ya shina, antena ikakosa ethi, yaani mguso wake na bodi, mikwaruzo ikaanza. Fungua nati, kwangua hadi bati ling'ae, badilisha mpira uliopasuka, funga. Mpira huo usipobadilishwa, mvua ijayo itashukia kwenye kitambaa cha dari.

Mstaafu mmoja wa Moshi ana Mercedes-Benz W124 yenye antena ya mota. Akiwasha redio, mota inanguruma na fimbo haipandi. Shangazi anampa habari njema: mota inayonguruma haijafa. Kilichokatika ni uzi wa nailoni wenye meno, unaosukuma fimbo. Zinauzwa fimbo zikiwa na uzi wake. Hufunguliwa nati ya juu, redio ikawashwa ili mota iteme mabaki, uzi mpya ukaingizwa meno yakielekea gia, kisha redio ikazimwa na mota ikaumeza yenyewe. Kipande cha uzi kikibaki ndani, hapo ni lazima kufungua sanduku la mota. Na grisi asipake: hukusanya vumbi, na vumbi ndilo lililokata uzi wa kwanza.

Aliyechekwa na majirani kwa kuchomeka waya wa henga ya nguo mahali pa antena iliyovunjika asione haya. Waya huo ukiwa na urefu wa kutosha na usipogusa bodi, unapokea. Hata magari ya Marekani kabla ya katikati ya miaka ya 1930 yalificha wavu wa waya ndani ya paa la kitambaa, hadi General Motors ilipoleta paa la chuma kwenye magari yake ya 1935 na mafundi wakalazimika kuhamishia antena chini ya gari.

Aliyebandua tinti ya kioo cha nyuma kwa wembe, naye sasa hapati stesheni, ameikata antena kwa mkono wake mwenyewe: katika magari mengi ile mistari myembamba ya kwenye kioo ndiyo antena. Ipo rangi yenye madini ya fedha ya kuunganishia palipokatika.

Wenye mikwaruzo inayokuja na kwenda wachomoe kwanza chaja ya simu, kisha wazime taa za LED za bei rahisi, ndipo waandike. Na barua itaje aina ya gari, mwaka wake, na kama redio ni ya kiwandani.