Namna ya Kuuziba Tena Mshipa Uliozibuliwa: Mwongozo kwa Mtu wa Kilwa

Kifua kikikubana pale Masoko, kiite gesi. Unywe tangawizi, ulale. Ndugu wakikushinda nguvu, utajikuta umepita Nangurukuru, Somanga na daraja la Mkapa, hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili.

Daktari atauliza mengi. Jibu hapana. Figo? Hapana. Vidonge vya sukari? Hapana. Uliwahi kuvimba ulipodungwa dawa ya rangi ya eksirei? Hapana. Ila kuwashwa kwako ukila kamba usimulie kwa kituo, maana dawa ile haina udugu wowote na kamba.

Mezani utakuwa macho. Ganzi ni ya kifundo cha mkono tu, na mpira mwembamba hupitia hapo hadi moyoni. Puto la kuuzibua mshipa likijazwa, kifua hubana kidogo. Kikibana kupita kiasi, jikaze kiume, nyamaza. Ukisema, daktari atawahi kugundua kuwa mshipa umetoboka: atalijaza puto papo hapo penye tundu, ataweka stenti iliyovikwa utando, na damu ikianza kuubana moyo ataifyonza kwa sindano. Ni ajali ya nadra, lakini usimrahisishie kazi.

Ukirudi, teka maji kwa mkono uleule uliotobolewa.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, uko kwenye vidonge. Utapewa aspirini na klopidogreli, mara nyingi kwa miezi sita hadi mwaka, kisha utaachiwa kimoja. Stenti, kile kibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa uliozibuliwa, ni chuma. Kabla mshipa haujaiotesha ngozi yake juu, damu huona kitu kigeni na kukimbilia kuganda. Vidonge ndivyo vinavyoizuia. Basi viache. Sababu hazikosekani: umepona, unatembea mpaka gatini bila kuhema, mng'oa meno kakuambia uvisimamishe wiki mbili, shemeji kaleta chupa ya mizizi. Daktari wa moyo usimpigie, atakuharibia. Mimi naipenda zaidi ile ya jirani: naye ana moyo, vyake vimeisha, mnagawana nusu kwa nusu. Nani atakulaumu kwa ukarimu?

Yote yakishindikana, usinunue akiba ya vidonge, ungoje barabara ikatike. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya Kilwa, abiria wakalala njiani. Bakiza vitatu, ukae barazani usikilize masika yakipiga bati, na kila asubuhi uhesabu kiganjani: viwili. Kimoja.