Gramu Zinazorudi kwa Mlango wa Nyuma

Ujenzi wa ndege ya jeti ya mfano nyumbani, yaani ndege ndogo inayoundwa kwa mbao laini za balsa, ikasukumwa na feni ya umeme na kuongozwa kwa mawimbi ya redio, ni kazi ambayo vitabu vya fani hiyo huieleza kana kwamba hufanyika katika karakana pana, yenye mwanga wa kutosha na meza isiyohitajiwa na mtu mwingine. Hali halisi, hasa katika nyumba za Uingereza ambako burudani hii ina mizizi mirefu, ni kwamba karakana hiyo ni meza ya jikoni, mwanga wake ni wa balbu iliyo juu ya sinki, na muda wake ni ule uliobaki kati ya kuondolewa kwa sahani za jioni na kuandaliwa kwa kifungua kinywa. Insha hii inahusu ajali za kipindi hicho, nazo zimepimwa kwa kipimo kimoja tu ambacho mjenzi mwenyewe hukiamini, nacho ni gramu.

Ndege inayofaa zaidi kwa mjadala huu ni de Havilland Vampire, ndege ya kivita ya Uingereza yenye injini moja na mkia unaoshikiliwa na nguzo mbili, iliyoruka kwa mara ya kwanza huko Hatfield tarehe 20 Septemba 1943. Imechaguliwa kwa sababu Vampire halisi nayo ilikuwa na balsa ndani yake: sehemu ya mbele ya kiwiliwili, alimokaa rubani, iliundwa kwa tabaka mbili nyembamba za plaiwudi zilizoibana balsa katikati, mbinu ambayo kampuni ilikwisha kuizoea katika ndege yake ya Mosquito. Kwa hiyo mtu anayekata balsa jikoni ili aunde Vampire yenye mabawa ya mita 1.2, ambayo ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile halisi, anaweza kudai bila kusema uongo kwamba anafuata utaratibu wa kiwandani, na dai hilo humfaa sana anapoulizwa na mkewe vumbi la msasa limeingiaje kwenye bakuli la sukari.

Balsa hutokana na mti unaokua upesi katika misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini, na Ekwado ndiyo muuzaji wake mkubwa duniani. Mita moja ya ujazo ya mbao hizo kwa kawaida huwa na kilo 100 hadi 200, ilhali mpingo, ambao huzama majini, hufikia kilo 1,200 na kuzidi. Wataalamu wa mimea huuweka mti huu katika kundi la miti migumu, kwa kuwa uainishaji wao hufuata jinsi mti unavyozaa mbegu na haujali mbao itafanya nini ikiguswa na ukucha. Mjenzi aliyesahau na kuegemeza kiwiko juu ya bawa lililokamilika ana haki ya kuuona uainishaji huo kuwa ni dhihaka. Uzito wa balsa unaopishana kwa mara mbili ndio chanzo cha tabia ya kwanza ya mjenzi isiyoeleweka kwa watu wa kawaida. Ubao wenye urefu wa sentimita 91, upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 1.6 unaweza kuwa na gramu 15, na mwenzake wa vipimo vilevile ukawa na gramu 29, kwa hiyo mjenzi huingia dukani na mizani mfukoni, akapima rafu nzima ubao kwa ubao huku wateja wengine wakimsubiri, kisha akaondoka na mbao nne. Mwenye duka humvumilia kwa sababu hana wateja wengi wa namna nyingine. Uvumilivu huo ulijaribiwa vikali mnamo mwaka 2020, wakati watengenezaji wa mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, ambayo hujazwa balsa ndani, walipoigombania bidhaa hiyo hadi bei ikapanda na rafu zikabaki tupu, na mtu aliyekuwa akichagua gramu akalazimika kuchukua alichokikuta.

Gramu zilizookolewa dukani huanza kurudi siku ya gundi. Gundi ya papo hapo, ambayo kitaalamu huitwa sianoakrileti, ilipatikana mwaka 1942 pale Harry Coover wa Kodak alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki. Aliitupilia mbali kwa kuwa ilinata kila ilipogusa, na haikuingia sokoni hadi mwaka 1958. Kasoro iliyomkera Coover haijarekebishwa. Gundi hiyo hukauka kwa msaada wa unyevu, na kwa kuwa vidole vya binadamu vina unyevu kuliko mbao kavu, hushika vidole kwanza na mbao baadaye. Mjenzi anayebana ubavu wa saba wa bawa kwa kidole gumba na cha shahada huhesabu hadi kumi kama alivyoelekezwa, akaachia, na ubavu ukamfuata. Akijaribu kujipangusa kwa kitambaa cha pamba, hujifunza jambo ambalo limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye chupa, kwamba gundi hii ikikutana na pamba hupata joto ghafla kiasi cha kutoa moshi na kuunguza ngozi. Dawa yake ni asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, na asetoni ya nyumbani kwa kawaida haiko kwenye kabati la mjenzi. Kila kiungo kilichobanduliwa na kugundishwa upya huongeza nusu gramu, kiasi ambacho mjenzi hukiandika daftarini kwa mwandiko mdogo kuliko kawaida.

Ajali kubwa kuliko zote za mezani, hata hivyo, haihitaji gundi mbaya wala mbao nzito, kwani hutokea katika usafi na utulivu kamili. Mchoro wa ujenzi ni karatasi kubwa inayoonyesha kila kipande kwa ukubwa wake halisi, na mara nyingi huwa na bawa moja tu, la kushoto, kwa sababu mchoraji amebana karatasi na amedhani kwamba msomaji wake atakumbuka kuligeuza. Mchoro hutandazwa juu ya ubao laini unaokubali pini, ukafunikwa kwa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula ili gundi isiushike, kisha bawa hujengwa papo hapo juu ya mistari: boriti ndefu kutoka shinani hadi nchani, halafu mbavu, yaani vipande vyembamba vinavyolipa bawa umbo na unene wake, zikisimamishwa mmoja baada ya mwingine. Ili kupata bawa la kulia, mafundi wa zamani huupaka mchoro mafuta ya kupikia mpaka mistari ionekane upande wa pili, wakaupindua na kujenga juu ya mgongo wake. Mafuta hayo hayaishii kwenye karatasi. Hushuka hadi kitambaa cha meza, kikabaki na alama ya bawa ambayo wageni wa Jumapili huiulizia.

Mjenzi aliyeiruka hatua hiyo, ama kwa kusahau au kwa kuhurumia kitambaa, hupata bawa la pili lililo bora kuliko la kwanza kwa kila kigezo: limenyooka, viungo vyake havina mwanya, mbavu zake zimesimama wima, na ni la kushoto. Ugunduzi huo huja siku ya kuunganisha, wakati mabawa yote mawili yanapowekwa kandokando ya kiwiliwili. Kwanza huwapo kimya. Kisha mjenzi huligeuza bawa la pili ili ukingo wake wa mbele utazame mbele, akaona kwamba umetazama mbele lakini tumbo limeelekea darini. Hulipindua tumbo lirudi chini, na ukingo wa mbele nao ukarudi nyuma. Zoezi hili hurudiwa mara kadhaa kwa kasi inayopungua, kana kwamba jiometri ingeweza kubadili msimamo ikiombwa kwa upole. Ni kweli kwamba bawa lenye mgongo na tumbo vya mkunjo mmoja lingeweza kupinduliwa likafaa, na wajenzi waliokosea hivi hulitaja jambo hilo kwa sauti ya mtu aliyepata wakili, lakini kwa kawaida mjenzi huwa amekwisha kukata tundu la sevo upande wa tumbo. Sevo ni injini ndogo ya umeme inayozungusha mkono wake kwa pembe maalumu ili kusogeza sehemu za kuongozea ndege, nayo ikiwekwa mgongoni mwa bawa huonekana na kila mtu uwanjani, pamoja na sababu yake.

Baada ya mbao huja ngozi. Bawa huvikwa karatasi ya plastiki yenye gundi upande mmoja, ambayo hulainika na kushika ikipigwa pasi, kisha hujikaza ikiongezwa joto. Vitabu hushauri pasi ndogo maalumu. Nyumba nyingi zina pasi moja. Hapo hutokea mambo mawili, la kwanza likiwa kwamba ngozi ikikazwa upande mmoja kabla ya mwingine bawa lote hujikunja kama chapati iliyoachwa kikaangoni, na la pili kwamba gundi nyekundu iliyobaki chini ya pasi husubiri hadi Jumatatu asubuhi ndipo ijitokeze kwenye shati jeupe la kazini. Bawa linaweza kunyooshwa kwa mvuke na subira. Shati halinyooki.

Ndipo yafike mahesabu yenyewe. Ndege huruka salama pale tu ambapo kitovu cha uzito wake, yaani sehemu ambapo ingelala sawasawa ikishikiliwa kwa ncha za vidole viwili, kipo mahali palipowekwa alama kwenye mchoro, kwa kawaida karibu robo au theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Vampire ina pua fupi na nguzo mbili ndefu zinazokwenda nyuma, na kwa kuwa gundi, viraka na rangi nyingi za mjenzi huishia mkiani ambako hakuna aliyekuwa akitazama, ndege huinamia mkia. Dawa yake ni madini ya risasi, yanayobandikwa ndani ya pua. Kwa kuwa mkia uko mbali na kitovu kuliko pua, kila gramu ya mkiani hudai gramu mbili au tatu za risasi mbele, na mtu aliyepima mbao nne kwa saa nzima ili aokoe gramu 40 hujikuta akiyeyusha vizito vya ndoano za kuvulia samaki na kumimina gramu 90 katika ndege ileile. Hakuna kitabu cha ujenzi kinachokana kwamba hali hii hutokea. Vingi huitaja katika ukurasa wa mwisho.

Nguvu ya kuubeba mzigo huo hutoka kwa feni yenye mapanga mengi iliyofungwa ndani ya bomba katikati ya kiwiliwili. Wapo wanaotumia turbini halisi, inayochoma mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, na historia yake inampa moyo kila fundi wa mezani, maana Mjerumani Kurt Schreckling alipojenga turbini zake nyumbani aliunda gurudumu la kushindilia hewa kwa plaiwudi iliyofungwa nyuzi za kaboni; lakini turbini haifai kujaribiwa jikoni. Feni yenye kipenyo cha milimita 70 ikipewa volti 14.8 na kuvuta ampea 50 hula wati 740, na betri inayoweza kutoa umeme huo bila kuwa nzito kupita kiasi huisha baada ya dakika tatu au nne. Betri hizo za lithiamu-polima zikichajiwa vibaya huvimba na huweza kuwaka moto, kwa hiyo mjenzi mwenye busara huzichajia ndani ya chungu cha udongo, na chungu hicho, kama ilivyokuwa pasi, kilikuwa na kazi nyingine.

Redio ndiyo sehemu pekee iliyopungua uzito kwa uaminifu. Walter na William Good, ndugu pacha wa Kalamazoo huko Michigan, waliporusha ndege yao iliyoitwa Guff mwaka 1937, mitambo yao ilitegemea mirija ya vioo na betri nzito. Kipokezi cha leo hakifiki gramu 20. Kilichobaki kizito ni akili ya anayekifunga. Kabla ya kuruka, mjenzi hukagua kwamba aileroni, vile vibawa vya ukingo wa nyuma vinavyoilaza ndege kulia au kushoto, zinasogea, na kusogea ni jambo tofauti na kusogea upande unaotakiwa. Hukagua ndege ikiwa imemtazama, hivyo kulia kwake ni kushoto kwa ndege, akaridhika. Rafiki huirusha kwa mkono. Kwa kuwa feni iliyofichwa bombani haipulizi hewa juu ya mkia kama propela, katika sekunde za kwanza ndege haitii amri, na inapoanza kutii hutii kinyume: inainama kushoto, mjenzi anaamuru kulia, nayo inazidi kwenda kushoto kwa utiifu wa kusikitisha hadi kwenye nyasi.

Balsa ina sifa ya kupasuka vizuri. Vipande hukusanywa, vikagundishwa usiku uleule mezani, na matengenezo hayo, ambayo kwa bahati mbaya huwa mengi upande wa mkia, hudai risasi zaidi puani. Ndege inayorudi uwanjani huwa imara kuliko siku ilipozaliwa na nzito kiasi kwamba hulazimika kuruka haraka ili isianguke, na hiyo kasi ndiyo humfanya rubani akosee tena.

Basi anayetamani kazi hii asianze na jeti. Aanze na ndege ya mafunzo yenye propela mbele na bawa lililoketi juu ya kiwiliwili, ambayo huruka polepole na hujinyoosha yenyewe rubani akiachia vidole. Anunue pasi yake, mizani yake na asetoni yake, aombe mtu mwingine asimame nyuma ya ndege na kuzikagua aileroni, na kabla hajafungua chupa ya gundi aandike kwa wino usiofutika neno “kushoto” juu ya bawa la kwanza.