Ombi la Mahindi ya Nakapanya Kuhesabiwa Bidhaa ya Nje

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

YAH: UPIMAJI WA SUMUKUVU KATIKA MAHINDI YASIYOVUKA MPAKA

1. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Kuvu hao hulivamia hindi likiwa bado shambani, hasa mmea ukipatwa na ukame au kutobolewa na wadudu, kisha husitawi ghalani iwapo nafaka imewekwa kabla ya kukauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na joto la kusongea ugali haliivunji. Ikiliwa kwa wingi huharibu ini kwa muda mfupi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huchangia saratani ya ini.

2. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya mahindi. Gunia la kilo 100 kwa hiyo lina ruhusa ya kubeba miligramu 1 tu. Kwa kuwa sumu haisambai sawasawa, na punje chache zinaweza kuchafua gunia zima, mpimaji huchomeka bambo sehemu nyingi, huchanganya sampuli, huisaga, huitoa sumu kwa methanoli, ndipo huipima kwa mashine. Vipo pia vijiti vya kupima haraka ambavyo hutoa jibu siku hiyohiyo.

3. Heshima hiyo ya kupimwa hupewa mahindi kwa kuzingatia safari yake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachothibitisha kwamba sumu haijavuka kiwango. Tangu hapo, hindi linaloelekea mpaka wa Namanga hutakiwa kuwa na nyaraka kama msafiri mwingine yeyote. Hindi linalobaki nyumbani halitakiwi kuonyesha chochote, kwa kuwa linafahamika na familia.

4. Kata ya Nakapanya, wilayani Tunduru, ni mfano mzuri wa mpangilio huo. Korosho inayolimwa huko hukaguliwa ghalani kabla ya mnada: unyevu wake hupimwa na daraja lake hutajwa, maana mnunuzi wa mbali ana meno ya thamani. Mahindi ya mkulima huyohuyo hutoka kihengeni, hupita mashine ya kusaga na kufika sufuriani bila kuulizwa swali. Akiamua kuyauza, mizani itakuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na gunia likifungwa lumbesa ni kosa. Dola imehakikisha kwamba mtu hapunjwi kilo. Miligramu inayozidi ndani ya gunia haina mkaguzi, labda kwa sababu ni zawadi.

5. Kipimo pekee kinachobaki ni mlaji mwenyewe, na kipimo hicho kimewahi kutoa majibu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Kaya zilizoathirika zilikuwa zimekula mahindi ziliyolima zenyewe. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125. Kwa usahihi, kipimo cha namna hii hakina mpinzani. Kasoro yake ni kwamba sampuli hairudi nyumbani.

6. Mwaka 2019 udhibiti wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda TBS. Kwa kuwa Shirika limeonyesha umahiri wake mbele ya mipaka, inapendekezwa:

(a) mpaka wa forodha utangazwe kati ya kihenge na jiko katika kila kaya ya Nakapanya, ili ugali uhesabiwe bidhaa ya nje na kustahili kupimwa;

(b) endapo mpaka huo utachelewa, bambo na vijiti vya kupima haraka viwekwe kwenye maghala ya ushirika, ambako korosho tayari inapimwa, na sampuli zenye shaka zipelekwe maabara;

(c) mkulima apewe jibu la kipimo pamoja na njia za kupunguza sumu: kuanika juu ya turubai, kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, kukoboa kabla ya kusaga, na kuhifadhi mahindi makavu katika mifuko isiyopitisha hewa;

(d) mahindi yatakayokutwa na sumu yafidiwe na kuteketezwa, kwani yasipofidiwa yatahamia kwenye pombe, na kwa ng'ombe, ambaye huirudisha sehemu ya sumu kupitia maziwa.

7. Mapendekezo (b) hadi (d) hayahitaji mpaka wowote.

Nakala: Wakala wa Vipimo, kwa kuwa kilo na miligramu ni za ukoo mmoja.