Gari la Mtoto, Moshi wa Baba

Gari la rimoti hununuliwa kwa jina la mtoto na kuendeshwa na baba yake. Hilo halina ubishi wala si dhambi. Mtoto atapata zamu yake siku baba akichoka. Linalostahili mjadala ni jinsi pesa zinavyotoka. Kwanza linalipiwa gari lenyewe, bila mkono kutetemeka. Halafu linakuja bodi la pili lenye rangi kali kuliko la kwanza, matairi ya mchangani, betri mbili za lithiamu, na chaja yenye kioo kinachowaka buluu. Mwisho kabisa, mfukoni ikiwa imebaki nauli na pesa ya soda, ndipo mtu anagundua kwamba chaja ile haina waya wa kwenda ukutani: inataka kifaa kingine cha kuilisha umeme, yaani pawa saplai. Hapo droo za nyumba nzima zinapekuliwa, na chochote chenye plagi kinapata ajira. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huo umepinduliwa. Pawa saplai ndiyo ya kufikiriwa mapema, ipimwe kwa wati, tena iachiwe nafasi ya ziada. Moshi, milio na lawama nyingi za mchezo huu chanzo chake ni kuinunua kwa chenji.

Tuanze na sababu ya kifaa hiki kuwapo. Umeme wa ukutani Tanzania ni wa volti 230, Kenya 240, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Betri ya lithiamu ya gari la kawaida ina seli mbili; kila seli ikijaa hufika volti 4.2 na haitakiwi kuvuka hapo, kwa hiyo betri nzima hujaa kwenye volti 8.4. Safari ya kutoka 230 hadi 8.4 hufanywa na wawili. Pawa saplai huushusha umeme wa ukutani na kuufanya uende upande mmoja, kwa kawaida kwenye volti 12. Kisha chaja huupima na kuuingiza betrini kwa uangalifu. Kwa nini 12? Kwa sababu mchezo huu ulikua miaka ya 1970, kampuni ya Tamiya ya Japani ikitoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976, na mashindano yakifanyika kwenye viwanja vya kuegesha magari ambako soketi hakuna. Umeme uliokuwa karibu ni wa betri ya gari kubwa lililomleta mshindani. Chaja zikaizoea volti 12, na nyingi hazijaiacha mpaka leo. iMAX B6, ambayo imenakiliwa mno hata ya kweli na ya bandia hazijuani, hupokea volti 11 hadi 18.

Sasa tugeukie lebo. Juu yake wameandikwa wazee watatu: Volta wa Italia, Ampère wa Ufaransa na Watt wa Uskoti. Wanunuzi huwasalimia wawili wa kwanza na kumpita wa tatu bila hata shikamoo, na utovu huo wa adabu una gharama. Watt alikuwa mtu wa biashara. Aliuza injini za mvuke kwa watu waliotaka kujua mashine moja itafanya kazi ya farasi wangapi. Swali la wateja wake ndilo swali lako: kazi kiasi gani? Jibu ni volti mara ampea. Betri ya mAh 5000 huchajiwa kwa ampea 5, ikajaa kwa muda wa saa moja na kidogo. Ampea 5 mara volti 8.4 ni wati 42. Betri ya seli tatu hujaa kwenye volti 12.6, nayo itataka wati 63. Chaja nayo hupoteza sehemu ya umeme kwa joto. Tukadirie kwamba asilimia 80 hufika betrini, 20 hupotea. Kwa hiyo pawa saplai lazima itoe wati 53 hivi kwa seli mbili, na karibu 79 kwa seli tatu. Hapo pia ndipo siri ya matangazo inapofichuka. Chaja ya wati 50 inayojisifu kutoa ampea 5 itakupa ampea 4 tu kwenye betri ya seli tatu, kwa sababu Watt hakubali kudanganywa na Ampère.

Tukishajua hesabu hiyo, tunaweza kuelewa kisa maarufu kuliko vyote, kisa cha adapta ya ruta. Imeandikwa volti 12, na chaja inataka volti 12, jeki imeingia kwenye tundu bila kulazimishwa, nini tena? Tena ni kwamba adapta hiyo mara nyingi hutoa ampea 1, yaani wati 12, na chaja imeagiza 53. Adapta inajitahidi, inapata moto, volti zinashuka, chaja inapiga mlio na kugoma. Inatulia, inaanza tena, inapiga mlio. Nyumbani mlio huo hufasiriwa kwa njia mbalimbali. Baba anasema betri ni feki. Mama anasema pesa imeliwa. Mtoto, ambaye kwa mujibu wa maelezo ya dukani ndiye mwenye gari, haulizwi. Kesho yake betri inarudishwa kwa muuzaji, ambaye naye anaipima, anaikuta nzima, na urafiki unaishia hapo. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba adapta ndogo si haramu. Ukiishusha chaja hadi ampea 1 hivi, adapta ya ruta itaimudu, na betri itajaa baada ya saa tano kwa ajili ya mchezo wa robo saa au nusu saa. Mwenye subira hiyo anafaa uvuvi kuliko mbio za magari.

Hapa huinuka pingamizi la kwanza, tena kwa sauti ya mtu aliyewahi kushika tesita: ukiweka pawa saplai ya ampea 30 kwenye chaja inayohitaji ampea 5, ampea zilizobaki zitaiunguza chaja. Hofu hiyo imewapeleka wengi kununua vifaa vidogo kwa jina la usalama. Lakini ampea hazisukumwi, huvutwa. Sufuria kubwa la wali likiwekwa mezani halimvimbishi mgeni tumbo; mgeni hujipakulia anachotaka, na kilichobaki kinabaki. Chaja hujipakulia ampea 5, na zile 25 zinakaa zikisubiri siku utakaponunua chaja ya pili. Isiyotaka mzaha ni volti, kwa sababu hiyo huja yote iwe imeitwa au haikuitwa. Adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19.5 ina wati za kutosha, lakini chaja iliyoandikiwa mwisho volti 18 haina wajibu wa kuvumilia hiyo moja na nusu iliyozidi. Zipo chaja za siku hizi zinazopokea hadi volti 30, na kwa hizo adapta ya kompyuta ni mshirika mzuri. Tena volti zikiwa nyingi, ampea kwenye waya hupungua kwa kazi ile ile, na waya haupati moto sana. Kwa hiyo ukubwa wa kuogopa ni wa volti. Ukubwa wa ampea ni akiba.

Pingamizi la pili ni la uchumi: kwa nini ninunue wakati fundi ana pawa saplai ya kompyuta iliyokufa, na anaitoa bure? Nalikubali nusu. Pawa saplai ya kompyuta inaweza kufanya kazi hii vizuri, mradi usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Wati 500 zile ni jumla ya njia zote, na chaja itatumia njia moja tu, ya waya za njano za volti 12. Jedwali la lebo likisema volti 12 ampea 15, mali yako halisi ni wati 180, nazo zinatosha. Tatizo ni kwamba haiwaki mpaka waya wa kijani uunganishwe na mweusi, na nyingine zina swichi nyekundu kwa nyuma yenye namba mbili, 115 na 230. Mashine za mitumba zilizotoka Marekani, ambako ukuta hutoa volti 120, zinaweza kufika na swichi ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye soketi ya hapa kwetu utasikia mlio mmoja, utanusa harufu, na ile ya bure itakuwa imekwisha. Swichi kama hiyo imo pia ubavuni mwa baadhi ya masanduku ya bati yenye matundu yanayouzwa Kariakoo na Luthuli kwa ajili ya taa za LED na kamera za ulinzi. Masanduku hayo, kwa mfano ya volti 12 ampea 30, ni mazuri kwa bei yake, ila skrubu za umeme wa ukutani ziko wazi jirani kabisa na skrubu za volti 12. Yafunikwe, yafungwe waya wa athi, na yasiwekwe pale ambapo mwenye gari wa kwenye maelezo ya dukani anaweza kupitisha kidole.

Wapo wasiopinga chochote kwa sababu hawataki chaja kabisa. Hawa ni mafundi wa njia ya mkato: pawa saplai inatoa volti 12, betri inapokea, basi unganisha moja kwa moja. Hao ndio waliokipa kichwa cha insha hii moshi wake. Pawa saplai haijui betri imejaa. Itaendelea kusukuma volti 12 kwenye betri inayotakiwa kusimama kwenye 8.4, na betri ya lithiamu ikipitishwa kiwango huvimba, hutoa moshi, na huweza kuwaka moto. Kusimama kwa wakati ni kazi ya chaja, na hata chaja nzuri haiachwi peke yake juu ya zulia wenye nyumba wakienda kulala.

Pingamizi la mwisho lina uzito zaidi: nunua chaja yenye pawa saplai ndani yake, uichomeke ukutani, mjadala ufungwe. Kwa mwenye betri moja ya seli mbili, ushauri huo ni sahihi na sina la kuongeza. Lakini betri huzaana. Atakuja na ya seli tatu, atataka kuchaji mbili kwa mpigo, na ile pawa saplai ya ndani, ambayo kwenye chaja nyingi za bei ya chini ni ya wati 50 hivi, haiwezi kuongezwa. Itabidi anunue sanduku zima upya. Pawa saplai iliyo peke yake hubaki hata chaja ikibadilishwa. Na anayehofia LUKU ahesabu kwanza: betri ya volti 7.4 na mAh 5000 hubeba nishati ya wati-saa 37, na hata ukihesabu upotevu kwa ukarimu, uniti moja huijaza mara 15 hivi. Pasi ya wati 1000 hula kiasi cha betri moja kwa dakika nne tu. Atakayetaka kubana matumizi aanze na mashati.

Ukiona vyaelea, vimeundwa; gari linaloruka matuta uwanjani limeundwa na sanduku lililo chini ya meza. Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, chukua wati za chaja yako, gawanya kwa 0.8, ongeza theluthi moja. Chaja ya wati 50 itakupeleka kwenye wati 83, yaani pawa saplai ya volti 12 yenye ampea 8 inatosha; chaja mbili za namna hiyo, ampea 15. Ikaguliwe kwamba inapokea volti 230, na kwamba volti inazotoa zimo ndani ya mipaka ya chaja. Muuzaji akikwambia "hii inaingia tu," mwombe akuonyeshe lebo. Kama lebo haipo, usinunue.